Kivuli Kilekile

Alikuwa na desturi ya kuuliza habari za miti kabla ya kuuliza habari za watu. Ukimfikia asubuhi na shikamoo yako, aliitikia marahaba upesi, kama mtu anayepokea mzigo mwepesi, kisha akakuuliza kama njiani umeona mninga wowote uliochipua. Siku moja nilimwuliza kwa nini watu huja nyuma. "Watu wana midomo, mkwe," alinijibu. "Wakiumwa watanifuata wenyewe."

Sote tulimwita Dresa, na hapa nitamwita hivyo. Ndiyo kazi aliyoifanya siku za Mwingereza, ya kufunga vidonda na kupiga sindano, katika zahanati ya kijiji kimoja kando ya njia ya zamani ya misafara, kusini ya mji wa Tabora, mahali misitu inapoanza kuelekea Ipole. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, mchungaji alipolisoma makaburini, na ilinichukua muda kutambua ni nani anayezikwa. Mimi aliniita mkwe kwa kuwa nilioa katika kijiji hicho, na kwa desturi ya huko aliyeoa binti wa nyumba moja ni mkwe wa nyumba zote. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu cha upande wa pili wa ziwa, nikifundisha mjini na kuishi mtaa wa Ng'ambo. Kila likizo mke wangu alinirudisha kwao, na kila likizo nilimkuta Dresa amesimama mahali pale pale, amevaa koti lile lile, anagombana na mtu mwingine.

Miaka ya mwanzo sikumpenda. Alikuwa na sauti kubwa na majivuno, na ukali wake uliwaangukia hasa wale wasioweza kumjibu. Mama akichelewa kumleta mtoto mwenye homa, Dresa alimuuliza mbele ya foleni nzima, "Ulikuwa unangoja nini? Apone kwa aibu?" Mama yule aliondoka akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ilinichukua likizo kadhaa kuona sehemu ya pili ya ukali huo. Alasiri Dresa alipita nyumbani kwa mama yuleyule akiwa na dawa mfukoni, akidai anamtafuta mbuzi wake aliyepotea, na kwa kuwa alikuwa amefika, basi akamtazama na mtoto. Kijiji kizima kilijua kwamba hakuwahi kufuga mbuzi. Hakuna aliyemwambia. Watu walimjibu kwa uso mkavu kwamba mbuzi hajapita huku.

Koti lake lilikuwa fahari yake. Mkewe, Mama Dresa, alilipiga pasi ya mkaa na kulitia wanga wa muhogo mpaka likasimama lenyewe, na yeye akalivaa kwenda kuchimbia miti. Mninga, kama wanavyojua watu wa huku, ukikatwa hutoa utomvu mwekundu usiotoka nguoni. Kwa hiyo mgonjwa aliyetoka mbali, asiyemjua, aliingia zahanati akakutana na mtu mrefu mwenye koti jeupe lililotapakaa madoa mekundu, ameshika sindano. Niliwahi kumwona mzee mmoja akigeuka mlangoni ili arudi kwao.

"Njoo, baba," Dresa alimwambia. "Hii si damu ya mtu, ni ya mninga. Yako bado."

Ili mtu amwelewe ni lazima ajue ahadi yake. Katika miaka ya ugonjwa wa malale, watu waliotawanyika msituni waliamriwa na serikali wahamie pamoja, na miti iliyozunguka makazi mapya ikatwe, kwa sababu mbung'o wanaoueneza hupenda kivuli. Dresa, wakati huo kijana, ndiye aliyetembea mbele ya watu wa mashoka akionyesha upi uanguke. Hakubakiza mmoja. Iliyokatwa mwisho ilikuwa safu ya mininga mikubwa mahali panapoitwa Kambini, ambapo zamani misafara ilitua mizigo na wapagazi wakanunua chakula. Chini ya kila mninga palikuwa na mwanamke auzaye, na mahali hapo palirithiwa: mama alimwachia binti, binti akamwachia wake. Misafara ilikwisha, reli ikaja, lakini wanawake hawakuhama; waliendelea kuwauzia wapita njia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mashoka yalipofika Kambini, mmoja wao, mjane wa makamo, alikataa kuinuka kwenye kigoda chake. Ndiye ambaye baadaye sote tulimwita Bibi wa Kambini. Maneno yaliyosemwa siku hiyo nimeyasikia kutoka kwa Bibi na kutoka kwa Dresa, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana isipokuwa kwa swali la nani alianza kupaza sauti.

"Kata, mwana wa sindano," Bibi alisema. "Lakini kesho jua likinipiga hapa, utanipa nini?"

"Nitakupa kivuli."

"Kivuli gani? Cha hilo koti lako?"

"Kilekile. Mninga, hapa hapa, kabla sijafa."

Bibi akainuka, akachukua kigoda chake, akawageukia watu. "Mmesikia? Shuhudieni."

Watu walicheka, kwa sababu huko kila mtu anajua kwamba mninga haupandwi. Mwembe hupandwa, na miembe waliyoipanda wenye misafara bado inaonyesha njia hiyo hadi leo. Mjohoro hupandwa, na ukipandwa leo kesho unakaa chini yake. Mninga huota unapotaka wenyewe, na usipotaka hauoti.

Sikumsikia hata siku moja akijutia kukata. Nilimuuliza, kwa udadisi wa mtu aliyesoma vitabu vingi kuhusu dhamiri, naye akanitazama kama mgonjwa anayelalamikia maumivu asiyokuwa nayo. "Nilikata kwa haki," alisema. "Watoto walikuwa wanasinzia mpaka kaburini. Nikiambiwa kesho nikate, nitakata. Lakini haki ya kukata haifuti neno nililomwambia yule mama." Nimekutana na watu wengi waliotubu mambo makubwa kwa machozi na wasirudishe kitu. Yeye hakutubu hata kidogo, akatumia nusu ya maisha yake kurudisha.

Na mdai wake hakumpa nafasi ya kusahau. Bibi wa Kambini aliendelea kukaa palepale ulipokuwa mninga wake, juani, kichwa amekifunika kwa kitambaa, matobolwa yake mbele yake. Kila Dresa alipopita kwa baiskeli, Bibi alimwita.

"Dresa! Jua halijambo?"

"Halijambo, mama."

"Nami ninalo hapa. Nenda salama."

Mbung'o waliporudi nyuma, na watu wakaruhusiwa kuwa na miti karibu na nyumba, Dresa alianza na makopo. Zahanati ilikuwa na makopo mengi ya maziwa na ya dawa. Aliyatoboa chini, akajaza udongo, akatia mbegu alizozitoa kwenye maganda yake magumu kwa mkasi wa kukatia bandeji, jambo lililomgombanisha na mkaguzi wa afya. Mbegu chache zikaota. Akazipanda Kambini mvua zilipoanza, kwa mstari ulionyooka kama wa askari. Ilipofika kiangazi mashina yote yakakauka, akaamini miche imekufa, akaing'oa. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Mwaka wa tatu nilikuwapo. Aliniita zahanati, na juu ya meza ya kufungia vidonda alikuwa amelaza mche mmoja ambao kweli ulikuwa umekufa, mzizi na shina, amefuta udongo wote.

"Tazama, mkwe. Huyu hakufa kwa ukame. Amejinyonga."

Mzizi ulikuwa umefika chini ya kopo, ukagonga bati, ukageuka, ukazunguka, ukazunguka tena. Na hata ulipowekwa ardhini, ambako palikuwa na nafasi ya kushuka hadi kwenye maji, uliendelea kuzunguka palepale, kama mfungwa aliyefunguliwa ambaye bado anatembea upana wa chumba chake. Dresa aliupapasa kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ambayo kwa kawaida aliiweka kwa ajili ya wazazi wa mtoto aliyefariki, "Mininga huanza chini. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, shina hufa kila kiangazi na mzizi hushuka. Ukishatosha, ndipo shina hubaki. Nimeisoma, nikaifukua msituni, nikaiona. Wale niliowang'oa miaka miwili, mkwe, niliwazika wakiwa hai."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Dawa ya mzizi aliipata kwa rafiki yake na adui yake, Mrina Asali. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na bingwa wa nyuki, mwenye mizinga mingi msituni, mizinga ile ya magome ambayo huchunwa mtini kwa mzunguko mmoja, na mti ukabaki uchi ukafa. Dresa alimtukana kwa kazi hiyo kila Jumapili baada ya ibada, kisha akaenda kwake kula asali, na aliila pamoja na nta, na vidole akavilamba. Sasa alikwenda kuomba mizinga iliyooza.

"Unanitukana kwa kuchuna magome," Mrina Asali alimwambia, "halafu unakuja kuniomba magome!"

"Naomba maiti. Wewe unachuna wazima."

"Basi asali ya wazima acha kuila."

"Asali haina kosa."

Magome hayo aliyakata vipande, akavikunja viwe mirija myembamba yenye urefu wa mkono hadi kiwiko, akaifunga kwa kamba, wazi juu na wazi chini. Udongo aliutoa chini ya mninga mzima, mbali msituni, akiubeba kwa baiskeli, maana aliamini kwamba udongo huo una kitu ambacho mche hauwezi kukipata kwa jirani. Mirija aliisimamisha juu ya kichanja ili upepo upite chini yake. Mzizi ukifika mwisho wa mrija ukakutana na upepo badala ya bati, ncha yake hukauka hapo hapo. Haugeuki kuzunguka, bali hutoa mizizi mingine pembeni na kungoja. Siku ya kupanda hakuutoa kwenye gome. Alichimba shimo refu kuliko pana, akaushusha mche na nguo yake, na mchwa, ambao ni laana ya kila nyumba ya Unyamwezi, wakamfanyia kazi ya kula gome kuukuu na kuuachia mzizi njia. Hakupanda kwa mvua ya kwanza, ambayo aliiita mvua ya waongo. Alingoja mpaka udongo uwe umelowa kina cha mkono. Aliuzungushia kila mche miiba, akapalilia nyasi zote karibu yake zisilete moto, na maji hakumwagilia. "Ukimletea maji kitandani," alisema, "hatashuka kuyatafuta."

Lakini mirija ya gome haikutosha, naye hakuwa mtu wa kuacha kopo tupu. Miche mingine aliendelea kuiotesha katika makopo, akiipunguza mizizi kwa mkasi kabla ya kuipanda. Hivyo safu ya Kambini ikawa mchanganyiko, ya gome na ya kopo, na kila kiangazi yote ilikauka juu, na wapita njia waliona vijiti tu.

Kijiji kilimwonea haya. Watu walimpenda, na ni vigumu kumtazama mtu unayempenda akipalilia vijiti vikavu. Ikaingia katika usemi wa huko: kijana aliyemfuata msichana asiyemtaka aliambiwa kwamba anapalilia vijiti vya Dresa. Mkewe mwenyewe aliutumia usemi huo, naye hakukasirika.

Jambo ambalo sikuwahi kulielewa ni jinsi subira hiyo yote ilivyoweza kukaa ndani ya mtu asiye na subira hata tone. Hakuweza kungoja chai ipoe. Aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza, akaungua, akalaani. Kwenye bao alicheza zamu yake kabla mwenzake hajamaliza, na kama anashindwa, aliiba kete. "Dresa," Mrina Asali alimwambia siku moja mbele yetu, "kidole gumba chako kina mimba." Dresa akaufungua mkono kwa hasira, na kete ikadondoka mchangani. Alicheka kuliko wote. Wagonjwa pia aliwadanganya bila aibu, akiwaambia sindano haiumi. Kuhusu miti hakuwahi kusema uongo. Mchungaji alipomwomba awatie watu moyo kanisani kwa kuwaambia safu inaendeleaje, alisimama akasema, "Mingine imekufa. Mingine imelala. Bado siwezi kuitofautisha," akaketi.

Kiangazi kimoja aliugua ngiri, akaletwa hospitali mjini kupasuliwa. Nilikwenda kumwona kila jioni nikitoka kazini, nikimpelekea uji kutoka Ng'ambo. Kidonda kilichelewa kupona, na miezi ya majani makavu ikamkuta kitandani. Hofu yake ilikuwa moto. Wachunga ng'ombe huchoma nyasi wakati huo, na palizi yake ilikuwa haijafanywa. "Mtumie neno Mrina Asali," aliniambia. "Mwambie aitunze safu yangu." Nikampa ujumbe dereva wa lori la asali, kwa maneno hayo hayo.

Nilimrudisha mwenyewe, kwa lori, mvua zikiwa karibu. Alikaa mbele na dereva, mto juu ya tumbo lake, akilalamikia kila shimo. Tulipokaribia Kambini tukasikia vigelegele. Wanawake walikuwa wamejipanga kandoni mwa njia, na nyuma yao, kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, palikuwa na kijani kibichi, katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa rangi ya majivu. Dresa akashuka kabla lori halijasimama vizuri. Akaufikia mti wa kwanza, akashika jani. Ilikuwa mijohoro. Safu nzima ilikuwa mijohoro michanga, imesimama pale ilipokuwa mininga yake.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

"Sote," alijibu Mrina Asali, uso wake uking'aa. "Ulituambia tuitunze. Nikaja nikaikuta yote imekufa, ndugu yangu, kavu mpaka chini. Nikasema, mtu wetu amepasuliwa tumbo, hatuwezi kumpokea na msiba. Tukachimbua hii iliyojiotea nyuma ya kanisa. Akina mama wameinywesha kila jioni."

Na kisima cha kijiji, mwezi huo, kilikuwa kikitoa matope. Nilimtazama Mama Dresa. Mabega yake yalikuwa yameshuka kwa kubeba ndoo. Nilijua, na Dresa alijua kuliko mimi, kwamba miaka yote ya ahadi ile ilikuwa imeng'olewa kwa mikono ya watu waliompenda. Nilingoja ule ukali. Nilikuwa nimeusikia ukiwaangukia watu kwa makosa madogo kuliko hilo mara mia.

Dresa alivua kofia. "Asanteni," alisema. "Mmefanya kazi kubwa. Asanteni sana."

Sauti moja tu haikuwa katika vigelegele. Bibi wa Kambini alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, juani, hatua chache kutoka kwenye mjohoro ambao tayari ungeweza kumfunika bega. "Mie sikubeba maji," alisema, bila kumsema mtu. "Hiki si kivuli changu."

Nyumbani Mama Dresa aliweka chai mbele yake. Hakuimimina kwenye kisahani. Ilipoa, ikatanda utando juu, na yeye aliitazama tu. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha zaidi katika nyumba ile. Mrina Asali alipoingia kumsalimu, akiwa amebeba chupa ya asali, alikaa muda kabla hajahisi uzito wa hewa, na ni yeye aliyeanza kuongea, kama watu wafanyavyo, juu ya lolote.

"Lakini vijiti vyako vilikuwa na kiburi."

"Vipi?"

"Vingine vilitoka vyenyewe. Unavuta kwa vidole viwili, kinakuja na mzizi wake, umejikunja kama kata ya kubebea maji. Vingine vilikataa. Tulivuta wawili wawili, hata mimi nikaangukia makalio, watu wakanicheka."

Dresa aliinua kichwa. "Mkachimba?"

"Jembe la nini kwa kijiti kilichokufa? Vilikatika mikononi. Tukaviacha, tukapanda mjohoro kandoni."

"Vilivyokatika vilikuwa vya gome au vya kopo?"

Mrina Asali alifikiri. "Nitajuaje? Lakini kwenye mashimo ya vile vilivyokataa palikuwa na mabaki ya gome langu. Nililitambua."

Dresa akaweka mikono yake juu ya kidonda na kuanza kucheka, taratibu kwanza, kisha kwa maumivu, machozi yakimtoka. "Nyamaza, ndugu yangu," alisema. "Nina uzi tumboni." Akaichukua chai ile baridi, akainywa yote.

Hakumweleza Mrina Asali anachokicheka, na mimi nilinyamaza kwa kuwa aliniangalia. Mvua zikaja. Kati ya mijohoro, machipukizi mekundu mekundu yalitoka ardhini, moja hapa, moja kule, si mengi. Yalikuwa yametoka kwenye mizizi iliyokwisha kushuka mbali mno kwa mkono wa mtu kuivuta. Dresa akayazungushia miiba. Nilipokuja likizo iliyofuata nilimkuta na Mrina Asali wamesimama juu ya chipukizi moja.

"Wamerudi," Dresa alikuwa anamwambia.

"Nani?"

"Wagonjwa wangu."

Mrina Asali aliinama, akatazama chipukizi, akatazama mjohoro wake uliokuwa umeshafika kifuani. Nilimwona akielewa, na nilimwona akizeeka kidogo kwa kuelewa. "Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema nini? Mlikuwa mmebeba maji."

Mijohoro hakuikata. Kila mwaka aliipunguza matawi upande wa mininga ili mwanga upite, na mengine akayaacha yawape wagonjwa wake hao kivuli na kuzuia ng'ombe. Watu walikaa chini yake na kusema kwamba Dresa ametimiza ahadi. Yeye alikataa kila mara, na Bibi alikataa kwa sauti kubwa zaidi, kutoka juani. Nadhani hakuna waliowahi kuelewana katika kijiji kile kama wao wawili.

Mara ya mwisho nilimwona katika kiangazi cha mwaka ambao mjini hapakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa uhuru, ingawa bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu ya boma. Alikuwa amestaafu, anatembelea fimbo. Nikamwamkia.

"Marahaba, mkwe. Watoto hawajambo? Mke wangu hajambo?" Kwa utani wa huko, mke wangu alikuwa mke wake pia. "Na shule, wanasoma?"

Niliingiwa na hofu. Hakuniuliza kuhusu miti. Nikadhani ugonjwa umefika kichwani, mpaka nilipoona kwamba anatabasamu na kunishika mkono kunivuta kuelekea Kambini.

Mjohoro mmoja ulikuwa chini, umekatwa asubuhi hiyo. Mrina Asali alikuwa ameketi juu ya gogo lake, shoka magotini, anapumua kwa shida. Alikuwa ameomba aukate yeye aliyeupanda. Ulipokuwa umesimama sasa palikuwa wazi, na katika uwazi huo ulisimama mninga mmoja, mwembamba, usio na jani, mrefu kunizidi.

"Vunja ncha," Dresa aliniamuru.

"Dresa, siwezi."

"Vunja, nimesema. Uliposoma hawakukufundisha kutii?"

Niliuvuta chini ule utagaa wa juu kabisa. Katika mwezi huo, miaka yote iliyopita, ungekatika kama kijiti cha kiberiti. Ulipinda. Ulipinda hadi kwenye mkono wangu, na nilipouachia ukarudi juu.

"Kiangazi cha pili hiki, shina halijakauka," alisema. "Si safu, mkwe, usije ukaandika kwamba ni safu. Ni huu na miwili kule, na mmoja wa hiyo miwili umetafunwa na mbuzi. Nao si mbuzi wangu."

Bibi wa Kambini alikuwa ameletwa na mjukuu wake. Macho yake yalikuwa yamefifia, na kigoda chake kiliwekwa mahali pake pa siku zote. Jua lilikuwa limeegemea magharibi. Kivuli cha mninga ule usio na majani kililala juu ya mchanga kama kamba iliyoangushwa, hakizidi upana wa vidole viwili.

"Mwana wa sindano," aliita. "Wanasema unacho. Kiko wapi?"

"Mbele yako, mama. Ni hicho. Bado chembamba."

"Na mimi nimekonda."

Alipapasa kwa fimbo yake mpaka akaufikia mti, akaupima kwa kiganja, juu, chini, juu tena. Kisha akarudi kigodani, akamwambia mjukuu akisogeze, si hapo, hapo, kushoto kidogo. Dresa alisimama wima kama mtu anayepimwa. Bibi akavua kandambili, akanyoosha mguu wake polepole juu ya mchanga wa moto, mpaka ile kamba ya kivuli ikapanda juu ya unyayo wake na kutulia hapo. Akaungoja mwili wake uhisi kivuli hicho.

"Kilekile," alisema, na akageuza uso kututafuta mimi na Mrina Asali tulipokuwa. "Shuhudieni."